Dominica kwa wiki moja: milimani, baharini, kwa Wakalinago au kaskazini?

Ukikutana na mtu mwenye wiki moja Dominica, naye anataka ziwa linalochemka, nyangumi, vijiji vya Wakalinago (wenyeji wa asili wa kisiwa) na ngome ya Cabrits vyote kwa mpigo, mshauri apunguze. Ramani inadanganya. Kisiwa kina urefu wa kilomita 47 na upana wa 26 hivi, lakini katikati kimejaa milima, na barabara zake hupanda, hushuka na kujikunja mpaka safari ya kilomita arobaini inakula saa nzima na zaidi. Anayekimbizana na kila kitu hushinda garini, na jioni anachokumbuka ni kona.

Msimamo wangu ni huu: chagua jambo moja kuu, lala karibu nalo, lipe siku za kutosha, na mengine yawe ya kuongezea. Ugumu uko kwenye kuchagua, na ndiyo kazi ya ulinganisho huu.

Tuondoe utata mmoja kwanza, maana umewagharimu wengi. Dominica si Jamhuri ya Dominika. Ni nchi ndogo ya watu wapatao 70,000, iliyo kati ya Guadeloupe na Martinique, na ilipata uhuru kutoka Uingereza tarehe 3 Novemba 1978. Watu wake huzungumza Kiingereza na Kwéyòl, Krioli yenye asili ya Kifaransa. Kwenye tiketi, uwanja wake mkuu ni Douglas-Charles, alama yake DOM. Ukiona Santo Domingo au Punta Cana, umekata tiketi ya nchi nyingine.

Kisiwa kimebaki na misitu yake kwa sababu milima iliwashinda waliotaka kukigeuza. Hakuna tambarare kubwa za kulima miwa kama Barbados au Antigua, fukwe nyingi ni za mchanga mweusi wa volkano, na kwa miaka mingi hapakuwa na njia ya kutua ndege kubwa. Hoteli kubwa zikaenda kwingine. Anayetaka mchanga mweupe, vitanda vya kuota jua na mhudumu wa vinywaji, visiwa vya jirani vinavyo, na hana sababu ya kujilazimisha huku.

Vigezo vya kupimia

Mambo manne nitayatazama kwa kila chaguo. La kwanza ni mwili: magoti, mapafu, kuogelea, kichefuchefu cha baharini, na kama watoto au wazee wanaweza kwenda. La pili ni msimu. Miezi ya ukavu ni kuanzia Februari hadi Mei hivi, mvua huongezeka kuanzia Juni, na msimu wa vimbunga unahesabiwa kutoka 1 Juni hadi 30 Novemba. Milimani, hata hivyo, mvua hainyimi mwezi wowote. Kuna maeneo ya ndani yanayopata zaidi ya milimita 5,000 kwa mwaka.

La tatu ni mfuko. Sitaji bei, kwa sababu zinabadilika. Nitasema ni kitu gani hasa kinachokula pesa. Sarafu ni dola ya Karibi ya Mashariki, ambayo tangu 1976 dola moja ya Marekani ni 2.70 zake, na dola za Marekani hupokelewa sehemu nyingi. La nne ni wenyeji: utakutana na nani, na pesa yako inaishia mkononi mwa nani. Kwangu hili la nne lina uzito sawa na mengine yote, kwa sababu kisiwa hiki kimetunzwa na watu wanaoishi humo, na mgeni anayelala hoteli ya nje akila chakula cha kuagizwa hajawasaidia kuendelea kukitunza.

Milimani: ziwa linalochemka na njia ya Waitukubuli

Hifadhi ya Taifa ya Morne Trois Pitons iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1997, na ndani yake kuna Boiling Lake, shimo la volkano lililojaa maji, lenye upana wa mita 60 hivi. Maji yake ni ya kijivu na katikati yanatokota kwa nguvu. Kingoni joto limewahi kupimwa kati ya nyuzi 82 na 92. Kwa ukubwa, katika maziwa ya moto duniani, hutajwa la pili baada ya Frying Pan Lake la New Zealand. Desemba 2004 lilikauka ghafla, likajaa tena miezi michache baadaye; volkano iliyo chini bado ina uhai.

Njia huanzia Titou Gorge, karibu na kijiji cha Laudat, nayo ni kama saa tatu kwenda na tatu kurudi. Unaanza na msitu wenye ngazi za magogo na tope, unavuka mto Breakfast, unapanda Morne Nicholls, kisha unateremka Bonde la Ukiwa, na bonde hilo ndilo watu hulisimulia kuliko ziwa lenyewe. Msitu unakatika ghafla. Ardhi ni nyeupe, ya kijivu, na mahali pengine njano ya kiberiti. Vijito vinapita miguuni, kimoja cheusi, kingine cha rangi ya maziwa, kimoja kinaunguza na cha jirani yake ni vuguvugu. Mwongozaji anatangulia, nawe unakanyaga palepale alipotoa mguu wake, kwa sababu ganda la juu mahali pengine ni jembamba na chini yake maji yanachemka. Baadhi yao huchemshia wageni mayai kwenye mashimo hayo. Vito vya fedha viache chumbani. Hewa ya kiberiti huvigeuza vyeusi.

Wanaotaka kutembea siku nyingi wana Waitukubuli National Trail, njia ya miguu iliyofunguliwa mwaka 2011, kilomita 185 zilizogawanywa sehemu 14, kutoka Scotts Head kusini hadi Cabrits kaskazini. Si lazima uimalize. Wengi huchukua sehemu mbili au tatu. Kimbunga Maria cha tarehe 18 Septemba 2017, kilichopiga kikiwa cha daraja la 5, kiliangusha miti na kufuta vipande vya njia hii, na kazi ya kuifungua ilichukua miaka. Kabla ya kupanga, uliza idara ya misitu sehemu zipi ziko wazi.

*Mwili.* Urefu si tatizo. Hata mlima mrefu kuliko yote, Morne Diablotins, una mita 1,447 tu, hivyo ugonjwa wa mwinuko sahau. Adui ni ngazi na utelezi. Na aliyezoea Kilimanjaro, ambako wapagazi hubeba mzigo, ajue huku kila mtu hubeba wake: maji lita mbili, chakula, koti la mvua, nguo ya kubadili. Mwenye goti bovu asijaribu ziwa. Mtoto chini ya miaka kumi nisingempeleka.

*Msimu.* Februari hadi Mei. Mvua ikinyesha usiku kucha, mto hufurika na Titou Gorge, ile korongo nyembamba ambayo watu huogelea ndani yake, huwa hatari kwa dakika chache tu. Mwongozaji akisema leo hapana, ni hapana.

*Mfuko.* Gharama kubwa ni mwongozaji wa siku nzima na usafiri wa kwenda Laudat. Mkiwa wanne, mnagawana. Kuna pia ada ya kuingia kwenye hifadhi, ambayo si kubwa.

*Wenyeji.* Utamjua mtu mmoja vizuri sana, mwongozaji wako, na kidogo sana wengine. Pesa inamfikia yeye moja kwa moja.

Inamfaa mwenye miguu imara anayependa kuchoka. Anayetaka mlima bila adhabu ana njia nyingine hapohapo: maporomoko pacha ya Trafalgar, ambayo wenyeji huyaita Baba na Mama, ni mwendo wa dakika chache kutoka maegesho, Emerald Pool vilevile, na mabwawa ya maji moto ya Wotten Waven yanamfaa hata bibi wa miaka themanini.

Baharini: nyangumi na mwamba wa Champagne

Pwani ya magharibi ya Dominica inashuka haraka sana. Kilomita chache tu kutoka nchi kavu, kina kinapita mita elfu moja, na ndiyo sababu nyangumi spemaseti, yule mwenye kichwa kikubwa cha mraba, anaishi karibu na kisiwa mwaka mzima. Majike na ndama wao hukaa pamoja kifamilia. Madume wakubwa huja na kuondoka. Mtafiti Shane Gero na wenzake wamekuwa wakizifuatilia familia hizi tangu 2005, na wamewatambua nyangumi mmojammoja kwa alama za mkiani. Novemba 2023 serikali ilitangaza hifadhi ya nyangumi hawa yenye kilomita za mraba 788 hivi, ya kwanza ya aina yake duniani.

Safari ya mashua huchukua saa tatu au nne. Nahodha huzima injini na kushusha maikrofoni ya chini ya maji, na kupitia spika unasikia milio mikavu, tak tak tak, kama mtu anayegonga meza kwa kalamu. Nyangumi wa eneo hili wana mpangilio wao wa milio, mmoja, mmoja, kisha mitatu ya haraka, wanaotambuana nao. Milio ikinyamaza, watu wote wanageuka kutazama maji, kwa sababu anapanda juu. Pumzi yake hutoka kwa mshazari, mbele na upande wa kushoto, na kwa hiyo hata ukiwa mbali unamjua. Anapumzika juu ya maji dakika chache, anakunja mgongo, anainua mkia, na hutamwona tena kwa dakika arobaini au zaidi. Yuko chini akiwinda ngisi.

Kuna pia wanaoogelea karibu nao, kwa kibali maalumu cha serikali na watu wachache tu majini kwa wakati mmoja. Mimi nasema kumtazama kutoka mashuani kunatosha. Jike mwenye ndama anahitaji utulivu kuliko sisi tunavyohitaji picha. Anayeamua kuogelea ahakikishe kampuni ina kibali kabla ya kutoa pesa.

Kusini, karibu na Pointe Michel, kuna mwamba wa Champagne. Gesi ya volkano hutoka sakafuni mwa bahari kwa mapovu madogo yanayopanda pande zote, na maji mahali pengine ni ya vuguvugu. Ni karibu na ufuko na si kina kirefu. Ukifika hapo, endelea mpaka Scotts Head: ukanda mwembamba wa ardhi, Atlantiki inapiga upande mmoja, na upande wa pili Karibi imetulia.

*Mwili.* Mashua inahitaji tumbo zuri kuliko miguu mizuri. Mwenye kichefuchefu ameze dawa kabla ya kupanda, si akishaanza kutapika. Champagne inataka kujua kuogelea, ingawa ukivaa jaketi la kuelea unaweza kutazama kwa miwani na mrija. Wazee wanaweza mashua vizuri.

*Msimu.* Nyangumi wapo mwaka mzima, na kuanzia Novemba hadi Machi hivi nafasi ni nzuri zaidi kwa kuwa na madume huja. Hakuna anayeweza kukuahidi. Panga safari hii mapema kwenye wiki ili ikishindikana uwe na siku ya kurudia.

*Mfuko.* Kwa siku moja, hii ndiyo ghali kuliko chaguo zote nne. Mafuta, mashua na wafanyakazi lazima walipwe. Kuogelea na nyangumi ni ghali mara nyingi zaidi. Champagne ni rahisi, na vifaa hukodishwa palepale.

*Wenyeji.* Inategemea kampuni. Zipo za familia za Roseau, mji mkuu, zilizoanza na uvuvi au uzamiaji. Uliza nahodha ni nani na mashua ni ya nani.

Inamfaa mpenda wanyama mwenye subira, na familia yenye watu wa umri tofauti. Kwa anayeishi Mombasa, Watamu au Dar es Salaam na kiu yake ni kumwona nyangumi tu, nyangumi wa nundu hupita pwani yetu kati ya Julai na Septemba hivi, kwa gharama ndogo mno. Kinachopatikana Dominica ni familia zinazoishi hapo miaka yote, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Kwa Wakalinago

Upande wa mashariki, unaotazama Atlantiki, kuna eneo la ekari 3,700 hivi lililotengwa mwaka 1903 kwa ajili ya Wakalinago, watu waliokuwa kisiwani kabla Columbus hajakiona mwaka 1493. Wanaishi humo watu 3,000 hivi katika vijiji kama Bataka, Salybia, Crayfish River na Sineku. Ardhi ni ya wote; mtu hupewa sehemu ya kujenga na kulima, lakini haiuzwi. Chifu na baraza lake huchaguliwa kwa kura. Mwaka 2015 nchi iliacha rasmi jina la Carib walilopewa na wageni, na mwaka 2023 Sylvanie Burton akawa rais wa Dominica, Mkalinago wa kwanza na mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Wengi hufika kwa nusu siku, wanatembezwa Kalinago Barana Autê, kijiji cha maonyesho kilicho juu ya bahari pale Crayfish River, wananunua kikapu na kuondoka. Si vibaya. Lakini eneo hili linalipa anayelala.

Chukua kikapu hicho. Hutokana na larouma, mmea wa jamii ya matete. Bua hupasuliwa kwa kisu na kukwanguliwa. Lililoanikwa juani hugeuka kahawia yenye wekundu, lililofukiwa kwenye tope kwa siku kadhaa hutoka jeusi, na upande wa ndani hubaki na weupe wake. Rangi tatu, hakuna ya dukani. Kikapu cha kubebea vitu safarini husukwa mara mbili, na kati ya tabaka mbili hulazwa majani mapana yanayozuia mvua isipenye. Ukishakaa kando ya mama anayesuka na kuona vidole vyake vinavyohesabu bila yeye kutazama, hutakuwa na haja ya kuuliza kwa nini bei ni ile. Usipunguze bei kwa mazoea ya sokoni.

Au mkate wa muhogo. Muhogo mchungu humenywa, hukunwa, hukamuliwa maji yake yenye sumu, unga huchekechwa na kuokwa juu ya bamba pana la chuma lililowashiwa moto wa kuni, mara nyingine kwa nazi iliyokunwa. Mtu wa Mtwara au Kilifi ataielewa kazi hii kabla hajaelezwa, naye anapaswa kujua kwamba muhogo tunaoula kwetu ulitoka Amerika, kwa wakulima wa asili wa bara hilo, na kuletwa Afrika na Wareno. Mitumbwi nayo bado huchongwa kutoka shina moja la mti wa gommier. Ikishatobolewa hujazwa maji na mawe, na kwa msaada wa moto mbao hupanuka taratibu.

Sineku kuna L'Escalier Tête Chien, mkanda wa mwamba wa volkano unaoingia baharini kwa ngazi, ambao masimulizi ya Wakalinago husema ni njia ya nyoka mkubwa aliyetoka majini. Kuteremka kunahitaji viatu vizuri, na mawimbi ya Atlantiki si ya kuchezea.

*Mwili.* Rahisi kuliko milimani. Watoto wanashiriki kila kitu, isipokuwa Sineku inayotaka uangalizi. Bahari ya upande huu si ya kuogelea.

*Msimu.* Mwaka mzima, na mvua haiharibu siku kwa sababu mengi hufanyika chini ya paa. Septemba kuna Wiki ya Kalinago, inayokumbuka mapambano yao na polisi wa kikoloni mwaka 1930, lakini ndiyo katikati ya vimbunga.

*Mfuko.* Nafuu kuliko zote. Kulala kwenye nyumba ya familia na kula kinachopikwa hapo ni bei ya chini kuliko hoteli ya Roseau. Usafiri ndio usumbufu: mabasi madogo ni machache mchana na jioni hayapo, kwa hiyo panga na mwenyeji wako akupokee. Uwanja wa ndege, bahati nzuri, uko karibu, na unaweza kuanzia au kumalizia hapa.

*Wenyeji.* Hapa ndipo kigezo cha nne kinapata jibu kamili. Unacholipa kinabaki kijijini. Kwa upande wako, adabu: omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na usidai mavazi ya manyoya. Ni watu wa leo, wanavaa jinzi, wanafundisha shule, wanaendesha magari, na waliojenga upya nyumba zao baada ya Maria wana mengi ya kusimulia kuliko maonyesho.

Inamfaa anayekwenda kwa ajili ya watu na mazungumzo. Haimfai anayehitaji shughuli kila saa.

Kaskazini: Portsmouth, Cabrits na Indian River

Portsmouth ni mji wa pili kwa ukubwa, kwenye ghuba tulivu. Kando yake, rasi ya Cabrits ina Fort Shirley, ngome ya Waingereza ya karne ya 18 iliyokarabatiwa chini ya usimamizi wa mwanahistoria Lennox Honychurch. Mwafrika asiipite. Aprili 1802, askari wa kikosi cha 8 cha West India Regiment, Waafrika walionunuliwa utumwani na kuvalishwa sare, waliasi na kuiteka. Hawakuwa wamelipwa, walilazimishwa kusafisha kinamasi cha gavana, na waliogopa kuuzwa mashambani. Uasi ulizimwa na baadhi yao waliuawa. Lakini hoja yao haikufa: mwaka 1807 askari wote watumwa wa jeshi la Uingereza, wapatao 10,000, walitangazwa huru, zaidi ya miaka ishirini na mitano kabla ya watumwa wengine wa makoloni hayo.

Indian River ni safari ya mtumbwi wa makasia, injini hairuhusiwi. Mizizi ya miti ya bwa mang imepinda kingoni kama kuta, na mpiga makasia ndiye mwongozaji wako. Asubuhi na mapema, kabla ya makundi. Kutoka Portsmouth pia unaweza kupanda msitu wa Syndicate alfajiri kutafuta kasuku: jaco huonekana zaidi, na sisserou, aliye kwenye bendera ya taifa na asiyepatikana popote pengine duniani, amekuwa adimu sana tangu Maria. Fukwe nzuri za mchanga wa dhahabu, kama Batibou, ziko upande huu.

*Mwili:* wastani, kila mtu anaweza. *Msimu:* huku mvua ni pungufu kuliko katikati, na Desemba hadi Mei ni salama. *Mfuko:* wa kati. Gesti ndogo na migahawa ya ufukweni ipo, na mtumbwi haugharimu sana. *Wenyeji:* wapiga makasia wana leseni na umoja wao, na jioni za Portsmouth watu hukaa nje na kuzungumza.

Inamfaa mwenye hamu ya mambo mengi madogo bila safari ndefu, na anayetaka bahari ya kuogelea karibu na chumba.

Ukiangukia wakati wa sherehe

Mwisho wa Oktoba Roseau huwa na World Creole Music Festival, usiku tatu za muziki tangu 1997: bouyon, cadence, zouk, kompa, na hata soukous ya Kongo imewahi kupigwa jukwaani hapo. Siku ya Ijumaa shule na ofisi hujaa nguo za madrasi, kitambaa cha miraba ya rangi nyingi. Kanivali, Mas Domnik, hufikia kilele Jumatatu na Jumanne kabla ya Jumatano ya Majivu. Ukichagua wakati huo, sherehe ndiyo jambo lako kuu. Vyumba hujaa miezi mingi kabla, na hakuna mwongozaji atakayefurahi kukupeleka ziwani asubuhi ya kesho yake.

Chakula hakikupi shida popote utakapolala. Shelisheli, magimbi, ndizi na muhogo viko mezani kila siku, na callaloo, chakula cha taifa, ni majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui la nazi, mara nyingi na kaa. Ukiona chura wa mlimani akitajwa, kataa: ugonjwa wa kuvu umemfikisha ukingoni mwa kutoweka na kumwinda ni marufuku.

Kwa hali yako

Una wiki, una miguu, mko wawili au zaidi: lala Laudat, Trafalgar au Wotten Waven. Ziwa siku ya tatu, ukishazoea unyevu. Siku mbili za bahari kutoka Roseau zinaingia bila kuhama.

Una watoto wadogo: Portsmouth. Mtumbwi, ngome, ufuko, na siku moja ya kwenda kwa Wakalinago.

Unasafiri na wazazi: Roseau au bonde lake. Mashua ya nyangumi, Trafalgar, maji moto jioni. Usiwapeleke Sineku.

Uko peke yako na pesa ni ndogo: Wakalinago nusu ya wiki, Portsmouth nusu nyingine. Ziwa unaweza kulipata kwa kujiunga na kundi lenye mwongozaji. Nyumba nyingi za wageni hukuunganisha.

Unatokea Afrika Mashariki: hakuna ndege ya moja kwa moja. Njia ya kawaida ni Ulaya hadi Barbados au Antigua, kisha ndege ndogo. Kupitia Miami ni fupi zaidi kwa mwisho wake, lakini Marekani inadai visa hata kwa abiria anayebadilisha ndege tu. Kivuko cha kutoka Guadeloupe au Martinique kinavutia, ila visa ya kawaida ya Schengen haitoshi mpaka iwe imeandikwa kuwa inafaa kwenye maeneo hayo ya Ufaransa. Kwa safari ndefu hivyo, wiki moja ni kujionea. Nenda kwa siku kumi na nne na uchague mawili kati ya manne.

Umeshuka Roseau kwa saa chache kutoka meli ya kitalii: Trafalgar na Wotten Waven, au Champagne na Scotts Head. Ziwa liache, muda hautoshi. Kodi teksi yenye leseni gatini, mkubaliane bei na saa ya kurudi kabla hujafunga mlango, na ujiachie saa nzima ya akiba, maana barabara ya bondeni ni nyembamba na lori moja likikwama wote mnasubiri.